Intaneti: Mkataba Uhesabu Mara, Si Saa Pekee

Mfanyabiashara wa Arusha akinunua maharage katika soko la Kilombero huyatia kwenye mizani. Akinunua kahawa hudai sampuli ionjwe kwanza. Lakini laini ya intaneti ya ofisi, ambayo huilipia kila mwezi, huinunua kwa kuangalia namba moja tu: megabiti ngapi kwa sekunde. Laini ikianza kumsumbua, huongeza megabiti. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo fedha nyingi za wafanyabiashara wa mji huu zinapopotelea, kwa kuwa ugonjwa wenyewe mara nyingi hauhusiani na megabiti hata kidogo.

Ugonjwa huo unafahamika. Laini haifi kutwa nzima. Hukatika dakika mbili au tatu, ikarudi, ikakaa saa moja, ikakatika tena. Katika dakika hizo mashine ya kadi hotelini hukataa malipo na mgeni ameshapanda gari kwenda Ngorongoro. Wakala wa utalii aliyekuwa akithibitisha vyumba hulazimika kuanza upya. Karani wa ghala anayetuma hati za mizigo hajui kama zimefika au la. Ukimpigia simu mtoa huduma, jibu la haraka ni kwamba "mkongo una matatizo."

Mara nyingine jibu hilo ni la kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu wakati mmoja kwenye pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Upande wa kaskazini, SEACOM ilikuwa imekwishakatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na meli ya matengenezo ilibidi itoke Cape Town. Mkasa wa namna hiyo huchukua siku nyingi, pengine wiki.

Lakini mkongo uliokatika baharini hauungiki wenyewe baada ya dakika tatu. Laini inayokufa na kufufuka mara kwa mara ina sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo iko ndani ya ruta mbili zilizoacha kuelewana. Mfanyabiashara hahitaji kuwa fundi ili alielewe jambo hili. Anahitaji kulielewa kiasi cha kumfanya aulize swali sahihi kabla ya kutia sahihi mkataba mwingine.

Ruta zinavyoelewana

Ruta hufanya kazi inayofanana na ya karani wa stendi ya mabasi. Kila pakiti ya data inayofika huitazama inakwenda wapi, kisha huipakia kwenye gari linaloelekea huko. Ili karani huyo ajue magari gani yapo na yanakwenda wapi, lazima apate habari kutoka stendi nyingine. Kampuni ya intaneti ya Arusha ni kama duka la rejareja: hununua njia za kwenda duniani kutoka kwa mtoa huduma wa jumla aliye Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi. Ruta ya duka na ruta ya jumla huwa na kikao cha kudumu, na katika kikao hicho hupeana orodha ya njia zote zinazojulikana.

Utaratibu wa kikao hicho unaitwa BGP. Wahandisi wawili, Kirk Lougheed na Yakov Rekhter, waliuchora kwa mara ya kwanza mwaka 1989 juu ya karatasi za kufutia mikono wakati wa chakula, wakiwa mkutanoni Austin, Texas. Ulikusudiwa uwe wa muda. Mpaka leo ndio unaoshikilia intaneti nzima, na orodha ya njia inayopelekwa ndani yake imepita njia 900,000.

Kikao hulindwa kwa salamu. Kila baada ya muda ruta moja humwambia mwenzake kuwa ipo hai. Kwa kawaida ruta za Cisco husalimia kila baada ya sekunde 60, na zikikaa sekunde 180 bila kusikia neno huhesabu kwamba mwenzao amekufa. Za Juniper husalimia kila sekunde 30 na kusubiri sekunde 90. Pande mbili zikitofautiana, muda mfupi ndio unaotumika. Muda ukipita kimya, kikao huvunjika, na hapo ruta hufuta njia zote ilizopewa na mwenzake. Waya unaweza kuwa mzima, umeme upo, taa za mashine zinawaka kijani, lakini karani wa stendi hana tena habari ya gari hata moja.

Wanaodhani haya ni mambo madogo wakumbuke jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kwa muda wa saa sita hivi. Hakuna mkongo uliokatika. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo iliuangusha mtandao wa ndani wa kampuni hiyo, na matangazo ya njia za kufikia majina yake yakaondolewa katika BGP. Wauzaji wa Arusha wanaopokea oda kwa WhatsApp hawakuweza kuzipokea jioni hiyo, kwa sababu ya njia zilizofutwa kwenye orodha.

Hesabu ya 99.5

Sasa tuje kwenye mkataba. Tuchukue mfano wa kampuni inayoahidi kwamba huduma itakuwepo kwa asilimia 99.5 ya mwezi. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Nusu asilimia ya saa hizo ni saa 3 na dakika 36, yaani dakika 216. Kama kila kukatika huchukua dakika tatu, basi laini inaweza kukatika mara 72 kwa mwezi bila mtoa huduma kuvunja ahadi yake. Hiyo ni zaidi ya mara mbili kila siku, Jumapili ikiwemo. Mteja hapati fidia hata senti.

Kwa mtu anayeangalia filamu nyumbani, mara 72 za dakika tatu na mara moja ya saa tatu na nusu ni hasara moja. Kwa biashara hazilingani hata kidogo. Laini ikifa mara moja kwa saa tatu, meneja huwaambia wateja, hutumia laini ya simu, huandika risiti kwa mkono, kazi inaendelea. Laini inayokufa mara 72 haimpi nafasi ya kujipanga. Kila mara huvunja malipo yaliyokuwa katikati, hukata mawasiliano ya tawi na makao makuu, na kuwaacha watumishi wakirudia kazi ileile. Haba na haba hujaza kibaba, na hasara nayo hujaza kibaba vivyo hivyo.

Kuna jambo baya zaidi. Mikataba mingi hupima kama laini iko hewani, na huishia hapo. Laini huhesabiwa mzima maadamu mashine ya mwisho inajibu. Kikao kikivunjika huku waya ukiwa mzima, kwa hesabu hiyo hakuna kilichoharibika. Iko pia mikataba isiyohesabu kabisa kukatika kwa muda mfupi, na inayotoa nje ya hesabu kila kinachoitwa matengenezo. Mteja ameteseka mwezi mzima, na ripoti inaonyesha asilimia 100.

Dakika tatu zenyewe nazo huweza kuzaa saa nzima. Kikao kikirudi, orodha ya njia hupelekwa upya, na ruta dhaifu huchukua dakika kadhaa kuimeza. Aidha, ruta za mbali zikiona anwani zako zinatangazwa na kufutwa mara kwa mara, baadhi yake huwa na utaratibu wa kuziweka kando mpaka zitulie, kama watu wanavyoacha kwenda kwenye duka linalofunguliwa na kufungwa ovyo. Kwa viwango vya zamani vya utaratibu huo, adhabu iliweza kufika saa moja. Siku hizi mitandao mingi imeulegeza au kuuacha, lakini haukwisha wote.

Sababu na dalili zake

Kila sababu ya kikao kuvunjika ina dalili yake, na gharama za kuiponya zinatofautiana sana. Ndiyo maana kuongeza megabiti bila kuuliza sababu ni sawa na kunywa dawa ya malaria kwa kila homa.

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa. Ofisi na hoteli nyingi kuanzia Usa River na Tengeru hadi Ngaramtoni, na kambi zilizo kwenye miteremko ya Meru, hupata laini kwa minara ya redio. Mvua kubwa za masika hufifisha mawimbi ya redio, hasa yale ya masafa ya juu. Mti wa mkaratusi uliopandwa miaka mitano iliyopita nao huweza kukua ukaziba njia kati ya mnara na mnara. Dalili ni kwamba mikatiko hufuata mvua au upepo. Iko pia mitambo ya kulinda kikao inayopima laini kila sehemu ya sekunde. Ikiwekwa kupima kila milisekunde 300 na kukata baada ya kukosa mara tatu, basi ukungu wa mawimbi usiofika hata sekunde moja unatosha kuvunja kikao. Mpangilio huo unaifaa laini ya kioo. Kwenye redio ya mlimani inafaa muda urefushwe, na kazi hiyo haigharimu kitu isipokuwa dakika chache za fundi.

Sababu ya pili ni laini kujaa. Salamu za ruta hupita kwenye njia ileile inayopita mizigo ya wateja. Jioni watalii wanaporudi hotelini na kuanza kupeleka picha na video zao za mbugani, njia hufurika, na salamu hukwama katika foleni. Dalili ni kukatika kwa saa zilezile kila siku. Hapa tu ndipo megabiti za ziada husaidia, na hata hapa dawa ya kwanza ni kuipa salamu ya ruta kipaumbele, jinsi gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani.

Sababu ya tatu huwasumbua hata mafundi. Kikao hufunguka vizuri, kikakaa dakika moja na nusu au tatu kamili, kikavunjika, kikafunguka tena, hivyo hivyo mchana na usiku. Hii ni dalili ya pakiti kubwa kushindwa kupita. Mahali fulani kati ya ruta mbili pana daraja dogo: laini inayokubali pakiti za baiti 1,476, wakati ruta zinadhani inakubali 1,500. Salamu ina baiti 19 tu na ingepita bila shida, lakini orodha ya njia hutumwa kwa pakiti kubwa. Fuso la kwanza likikwama darajani, pikipiki zilizo nyuma yake nazo hazipiti, kwa sababu ndani ya kikao pakiti lazima zipokelewe kwa zamu. Muda wa kusubiri huisha na kikao huvunjika. Dawa ni pande mbili kukubaliana ukubwa wa pakiti. Huwezi kuiponya kwa kununua megabiti hata elfu kumi.

Sababu ya nne ni kikomo cha njia. Mtoa huduma wa jumla huweka idadi ya juu ya njia atakazokubali kutoka kwa mteja wake, ili kosa la mteja lisimwagike duniani. Kampuni ya rejareja ikikua, ikapata wateja wapya na anwani mpya, siku moja huvuka idadi hiyo, na ruta ya jumla hufunga kikao papo hapo. Mara nyingi kikao hicho hakirudi mpaka mtu akifungue kwa mkono. Ikitokea usiku, Arusha hungoja mpaka fundi wa huko aamke. Dawa ni barua pepe moja iliyotumwa mapema ya kuomba kikomo kipandishwe.

Sababu ya tano ni uzee wa mashine. Tarehe 12 Agosti 2014 orodha ya njia za dunia ilivuka 512,000, na ruta nyingi za zamani ambazo kumbukumbu zake ziliishia hapo zikalemewa, huduma zikayumba katika nchi nyingi. Leo orodha ni takriban maradufu ya ile. Kampuni iliyonunua ruta kuukuu kwa bei nafuu inaweza kuendelea nayo bila aibu, mradi isiombe orodha nzima. Iombe njia ya jumla pamoja na njia chache muhimu, na mashine itapumua.

Mwisho kuna umeme. Betri iliyochoka kwenye mnara, au kifaa kidogo cha kubadilisha mwanga wa kioo kuwa mawimbi ya waya kilichochomekwa bila kinga, huzima sekunde chache umeme unapoyumba. Ruta yenyewe hukumbuka imewaka tangu lini. Kama imewaka saa moja tu iliyopita na hakuna aliyeizima, hakuna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Nani alifunga kikao

Kinachotia moyo ni kwamba ruta haivunji kikao kimya kimya ila pale laini inapokufa ghafla. Utaratibu unaitaka imwambie mwenzake sababu kwa namba, na kuiandika katika daftari lake la matukio. Namba 4 maana yake muda wa kusubiri umekwisha bila salamu. Namba 6 maana yake upande mmoja umefunga kwa makusudi, na namba ndogo inayofuata hueleza kama ni kikomo cha njia kilichovukwa au ni mtu aliyezima kwa mkono. Daftari huonyesha pia ni upande upi uliotuma neno la kufunga na upi uliolipokea.

Kwa hiyo mabishano ya kila siku kati ya kampuni ya Arusha na mtoa huduma wa jumla, huyu akisema kosa ni lako na yule akisema ni lako wewe, yanaweza kumalizwa kwa kuweka madaftari mawili sambamba. Kwa bahati mbaya, mara nyingi madaftari hayalingani kwa sababu ya saa. Fundi wa Arusha husema laini ilikatika saa mbili usiku. Karatasi ya Kiingereza huandika 20:00. Ruta ya mtoa huduma wa jumla, ikitumia saa ya dunia, imeandika 17:00. Mtu wa Ulaya anayepokea malalamiko hutafuta tukio la saa 20:00 katika daftari lake, halioni, kisha hujibu kwamba upande wake hapana tatizo. Malalamiko hufungwa. Wiki inayofuata mchezo ni uleule. Ruta zote ziwekwe saa moja, na kila lalamiko litaje saa ya Afrika Mashariki na saa ya dunia kwa pamoja.

Kamba mbili, mti mmoja

Wafanyabiashara wenye uwezo hununua laini mbili kutoka kampuni mbili, wakidhani wamejikinga. Inafaa waulize laini hizo zinapita wapi. Arusha imebahatika kuwa na njia mbili za kufika baharini: moja kwenda Dar es Salaam, nyingine kupitia Namanga kwenda Nairobi hadi Mombasa. Lakini kampuni mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa zimekodi nyuzi katika mkongo mmoja wa nchi kavu, kwenye mtaro mmoja kando ya barabara ya Moshi, na kununua kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa jumla. Hizo ni kamba mbili zilizofungwa kwenye mti mmoja. Mti ukianguka, mwenye kamba mbili na mwenye kamba moja wamelingana, isipokuwa wa kwanza alilipa mara mbili.

Hata njia zikiwa mbili za kweli, kinga haifanyi kazi kama haikujaribiwa. Kikao cha kwanza kizimwe kwa makusudi siku ya Jumapili asubuhi, mteja akishuhudia, ionekane kama cha pili kinabeba mzigo na baada ya sekunde ngapi.

Kuna pia vituo vya mabadilishano, ambapo kampuni za intaneti hukutana na kupeana njia moja kwa moja. Kile cha Dar es Salaam, TIX, kilianza mwaka 2004, na baadaye Arusha ikapata chake, AIXP. Kabla ya vituo hivyo, barua pepe iliyoandikwa mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili iliweza kupanda kwenye setilaiti umbali wa kilomita 36,000, ikafika Ulaya au Marekani, ndipo irudi. Kituo cha karibu hakimsaidii mtu ambaye data zake zote ziko kwenye mashine za ng'ambo. Lakini kwa ofisi zenye mashine zao hapa hapa, au kwa huduma zilizoweka nakala zake nchini, kikao cha nje kikivunjika kazi ya ndani haisimami. Mteja aulize kama kampuni yake imejiunga.

Upande wa watoa huduma

Haki itendeke kwa pande zote. Kampuni ndogo ya Arusha ni mteja mdogo mbele ya mtoa huduma wa jumla. Malalamiko yake hukaa kwenye foleni nyuma ya ya wakubwa. Wateja wengine hudai huduma ya benki kwa bei ya kijiweni, na wengine hawalipi kwa wakati. Fundi mzuri wa BGP hapatikani kirahisi, na akipatikana huvutwa haraka Dar es Salaam au Nairobi. Kudai fidia kubwa kwa kila dakika kunaweza kuziua kampuni ndogo na kuwaachia soko wakubwa wawili au watatu, jambo ambalo halitamfaa mteja hata kidogo.

Ndiyo maana safu hii haipendekezi faini kubwa. Inapendekeza hesabu ya wazi. Mkataba useme mambo manne. Kwanza, kinachopimwa ni huduma kufika nje, kikao kikiwa wazi, na siyo laini kuwa hewani tu. Pili, pamoja na asilimia ya saa, iwepo idadi ya juu ya kukatika kwa mwezi; ikivukwa, mteja apunguziwe sehemu ndogo ya ada. Tatu, kila kukatika kuwe na sababu iliyoandikwa kutoka kwenye daftari la ruta, pamoja na saa na upande uliofunga. Nne, njia za laini kuu na ya akiba zitajwe kwa majina ya miji zinakopita. Mtoa huduma mwaminifu hatapoteza kitu kwa masharti hayo. Atapata silaha ya kumbana mtoa huduma wa jumla, ambaye leo humjibu anavyotaka kwa kuwa hakuna anayehesabu. Mteja akishindwa kuelewana na kampuni yake baada ya kulalamika kwa maandishi, TCRA ipo, na lalamiko lenye tarehe, saa na sababu lina uzito kuliko lile linalosema tu "mtandao unasumbua."

Kwa wenye hisa

Mwekezaji mdogo naye lisimpite. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa sh. 850 kila moja, na Agosti mwaka huo zikaingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tangu hapo maelfu ya Watanzania ni wenye mali katika biashara ya mawasiliano, na wengi zaidi wana hisa katika mabenki ambayo kazi yake haiendi bila mtandao. Katika mikutano mikuu maswali huwa ya gawio. Ni haki yao. Lakini gawio la mwaka kesho hutegemea wateja wanaobaki, na mteja wa biashara haondoki kwa sababu ya mkasa mmoja mkubwa uliotangazwa redioni. Huondoka kwa sababu ya dakika tatu tatu zisizoandikwa popote.

Mwenye hisa mia moja anaweza kusimama na kuuliza: kampuni yetu inanunua njia kutoka kwa watoa huduma wa jumla wangapi, na njia zao zinapita wapi? Katika robo mwaka iliyopita vikao vilivunjika mara ngapi, na kwa sababu zipi? Fedha iliyotengwa kuongeza uwezo wa laini inatibu sababu hizo, au inatibu malalamiko? Mkurugenzi anayejua biashara yake atakuwa na majibu. Asiye nayo amewapa wenye hisa habari muhimu kuliko kitabu cha hesabu.

Kwa wale ambao mikataba yao ya laini inakaribia kuhuishwa, kazi ya wiki hii ni ndogo. Wawekwe karani mmoja na daftari la kawaida, aandike kila kukatika: tarehe, saa, dakika, na kama mvua ilikuwa ikinyesha au umeme uliyumba. Baada ya siku 30 daftari hilo lipelekwe kwa mtoa huduma pamoja na ombi la kuliweka sambamba na daftari la ruta yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kabla daftari hilo halijajibiwa, asikubali mtu kuuziwa megabiti nyingine.